Je, Wajua kwa Nini Taiwan Chakula Huagizwa kwa Meza, Si kwa Mtu?

Mkiingia watu wanne kwenye mkahawa mdogo wa vyakula vya nyumbani jijini Taipei, mara nyingi mtaletewa karatasi moja tu ya vyakula, na penseli moja. Mmoja wenu anatia alama kwenye mnavyotaka, mhudumu anauliza wali bakuli ngapi, basi. Hakuna anayeulizwa yeye binafsi atakula nini. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni wali. Katika mlo wa nyumbani wa Kitaiwan, wali ndio chakula na vingine vyote ni vitoweo. Hupikwa kwa maji matupu, bila chumvi wala mafuta, na kila mtu hupewa bakuli lake. Pwani yetu watu huzunguka sinia moja la wali. Kule wali ni wa kila mtu, kitoweo ndicho cha wote. Na kwa kuwa wali wenyewe hauna chumvi, kitoweo hutiwa ladha kali ya kutosha kumalizia bakuli zima. Mpe mtu mmoja sahani nzima ya kitoweo kama hicho, atakinai kabla hajafika nusu. Punje za mchele wao ni fupi na hushikana, ndiyo maana vijiti huzinyanyua bila taabu. Mchele huo ulienea kisiwani wakati wa utawala wa Japani, kati ya 1895 na 1945, baada ya wataalamu wa kilimo kufaulu kuistawisha mbegu ya Kijapani katika joto la Taiwan. Mwaka 1926 ukapewa jina la Penglai.

Sababu ya pili iko jikoni. Karai juu ya moto mkali huivisha chakula kimoja kwa dakika chache, kisha huoshwa, kinaingia kingine. Mkahawa mdogo una makarai machache. Kila mtu angeagiza chake, mmoja angekula huku wenzake watatu wakimtazama. Chakula kikiwa cha meza, kinachoiva kinatoka, na wote wanaanza pamoja kikiwa bado cha moto.

Mtazame kuku wa vikombe vitatu, chakula ambacho mikahawa ya namna hii haikosi. Vikombe hivyo ni vya mafuta ya ufuta, sosi ya soya na pombe ya mchele, sawa kwa sawa. Siku hizi wapishi wengi hupunguza vipimo, jina limebaki. Asili yake inatajwa kuwa mkoa wa Jiangxi, China Bara, ambako husimuliwa kisa cha mlinzi wa gereza aliyempikia hivyo Wen Tianxiang, waziri wa nasaba ya Song aliyeuawa mwaka 1283. Taiwan ilichoongeza ni rehani, na kwangu mimi rehani ndiyo inayokifanya chakula hicho kiwe cha kisiwa.

Mpishi huanza na vipande vyembamba vya tangawizi kwenye mafuta ya ufuta, moto mdogo, mpaka kingo zijikunje. Hapo haharakishi, maana mafuta hayo yakipata moto mkali huwa machungu. Vinafuata vitunguu saumu vizima, kisha kuku aliyekatwa vipande vidogo pamoja na mifupa yake, kila kimoja saizi ya kushikika kwa vijiti. Soya na pombe huachwa zikauke mpaka zigande kwenye nyama. Mwisho vyote humiminwa kwenye chungu kilichopashwa moto, hutupiwa rehani kwa konzi na kufunikwa. Kifuniko kinafunuliwa mezani mchuzi ungali unachemka, na majani ndiyo kwanza yananywea. Harufu hiyo hufika meza ya jirani, naye mara nyingi huagiza chake.

Lakini chakula kitakachomgusa zaidi msomaji wa Kiswahili ni matembele. Ndiyo, majani ya viazi vitamu, yanayokaangwa haraka kwa kitunguu saumu au kuchemshwa kidogo na kumwagiwa sosi. Zama za Wajapani mchele mwingi wa Taiwan ulisafirishwa kwenda Japani, na wakulima wengi maskini wakaishi kwa viazi vitamu vilivyoparwa na kukaushwa, au vilivyochanganywa na wali kidogo. Majani walipewa nguruwe. Leo yamo kwenye orodha ya karibu kila mkahawa wa aina hii, na watu huyaagiza kwa hamu.

Umaskini huohuo ndio uliozaa kimanda cha figili: figili za baada ya mavuno ya mpunga hutiwa chumvi, huanikwa juani, kisha hukatwakatwa na kupigwa pamoja na mayai. Wahakka, jamii ya Wachina yenye lugha yake kisiwani, nao wana mkaango wao wa nguruwe, ngisi mkavu na tofu ngumu (maziwa ya soya yaliyogandishwa), uliotokana na sadaka za mababu: nyama iliyokwisha kutolewa madhabahuni haikutupwa, ilikatwa vipande vyembamba na kurudishwa karaini.

Baada ya serikali ya Chiang Kai-shek, kiongozi wa China aliyeshindwa na Wakomunisti, kuhamia kisiwani mwaka 1949, ikifuatwa na zaidi ya watu milioni moja kutoka bara, meza ilipata pia vyakula vya mikoa yao, kama tofu ya pilipili ya Sichuan. Kwa muda mrefu upishi wa wenyeji ulionekana wa nyumbani tu, usiostahili mkahawa wa heshima. Mikahawa kama Shin Yeh, iliyofunguliwa Taipei mwaka 1977, ilisaidia sana kubadilisha mtazamo huo.

Kuagiza, basi, ni kupanga. Kwa watu wanne, kawaida inayojulikana ni vyakula vinne na supu moja: nyama moja, samaki au yai, tofu, mboga ya majani, na supu kama ile ya kuku, karela na nanasi. Kikiwepo cha chumvi nyingi, kiwepo na chepesi cha kukipoza. Asiyekula nguruwe au asiyegusa pombe aseme kabla penseli haijaanza kazi, kwani mafuta ya nguruwe huingia hata kwenye mboga, na kuku wa vikombe vitatu hapikwi bila pombe ya mchele. Kusema hivyo si usumbufu kule: Wabudha wengi hawali nyama kabisa, na wapishi wamezoea kupika tofu au uyoga kwa mtindo uleule.