Kreni ya tani 50 hainyanyui tani 50 kila saa
Wengi bado wanaamini kreni ya jukwaa la mafuta baharini ikiandikwa tani 50 basi inanyanyua tani 50 muda wowote. Hapana jamani. Hiyo namba ni pale mkono wa kreni uko karibu, ukiunyoosha mbali uwezo unashuka sana, na ukichukua mzigo toka kwenye meli ndo balaa kabisa, maana wimbi linaishusha meli ghafla wakati kamba imeshakaza na kreni inavutwa kwa nguvu kuliko uzito halisi wa mzigo. Ndo maana API 2C, kiwango cha taasisi ya petroli ya Marekani kwa kreni za baharini, kinataka chati za uzito unaoruhusiwa zinazobadilika kulingana na mawimbi. Ukaguzi nao upo, Uingereza kanuni za vifaa vya kunyanyulia (LOLER) za 1998 kwa kawaida zinataka kila miezi 12, ikiinua watu miezi 6.