Mchanga Unachimbwa Wapi Zanzibar, na Kwa Nini Si Kila Shamba Lina Shimo

Msimu wa ujenzi ukipamba moto, malalamiko ya mchanga nayo huongezeka: foleni mashimoni, bei ya gari moja ya mchanga, usumbufu wa vibali. Sasa wananchi wengi wanauliza kwa nini Serikali isifungue shimo katika kila wilaya. Jibu liko kwenye ardhi yenyewe.

Unguja ina pande mbili. Magharibi kuna udongo wa kina, yaani kinongo (mwekundu wa tifutifu), kinamo (mzito unaonata) na kichanga (wenye mchanga). Mashariki na kusini, tuseme Makunduchi, Jambiani hadi Matemwe, kumetanda uwanda, jiwe la matumbawe lenye udongo kidogo sana juu yake. Huko utapata mawe, kokoto na chokaa. Mchanga wa kujengea hakuna, isipokuwa wa ufukweni ambao hauruhusiwi kuguswa. Ndiyo maana gari nyingi hupakia upande wenye udongo wa kina, wilaya ya Kaskazini 'B', maeneo ya Donge, Pangatupu na Kiombamvua. Ukitazama ukingo wa shimo, juu kuna udongo mweusi mwembamba ulioshikwa na mizizi ya minazi, na mchanga wenyewe uko chini yake. Ule mweusi ndio unaolisha mihogo na migomba. Ukichanganywa na kifusi, shamba limekwisha.

Pemba ni vilima. Magharibi kuna udongo mzito wa mikarafuu, na mabonde ya mpunga katikati yake. Vitongoji na Micheweni ni uwanda, na kina mama wengi huko wanaishi kwa kuvunja kokoto. Shimo likichimbwa ovyo kwenye mteremko wa Pemba, masika huteremsha udongo hadi kwenye mpunga wa jirani.

Wapo wanaoshikilia kuwa mvua hurejesha mchanga. Hairejeshi. Mvua inachofanya ni kubomoa kingo za shimo. Mchanga huu ulilala hapo miaka mingi mno kabla yetu, na sisi tumeongezeka kutoka watu 1,303,569 katika sensa ya 2012 hadi 1,889,773 mwaka 2022. Wote hao wanahitaji nyumba. Isitoshe, maji tunayokunywa yanatoka ardhini, na mchanga ndio unaoyachuja. Shimo likifika kwenye maji, uchafu wa juu unaingia moja kwa moja.

Kuhusu mchanga wa pwani, sisi wa Idara inayosimamia maliasili zisizorejesheka, yaani zile ambazo zikiisha hazirudi, tumesema na tutaendelea kusema: usichukue, hata kwa gari ya ng'ombe, hata usiku. Ufukwe unaliwa na bahari, kasa wanakosa pa kutagia, na nyumba yenyewe haidumu. Chumvi inakula nondo, plasta inatoa unga mweupe na kubanduka, zege inapasuka.

"Shamba langu, mchanga wangu" nayo si kauli ya kisheria. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na aliyepewa eka tatu na Serikali baada ya Mapinduzi alipewa alime. Anayetaka kuchimba aanze kwa sheha, yaani kiongozi wa Serikali wa mtaa au kijiji chake, kisha apeleke maombi kwetu, akionesha eneo na matumizi. Eneo hukaguliwa kwanza. Tathmini ya mazingira inapotakiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya 2015, cheti kinatoka Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, si kwetu, na bila cheti hicho faili haliendelei. Kibali cha kuchimba hakimruhusu dereva kusafirisha. Usafirishaji una kibali chake, nacho kikae ndani ya gari, kisiachwe nyumbani. Anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa au vyote viwili, vifaa vyake kuzuiwa, na kuamriwa kufukia shimo kwa gharama zake.

Tunajua wengi mnaonunua mnanunua kwa nia njema. Basi kabla gari haijamwaga mchanga kiwanjani, mwombe dereva akuoneshe kibali, usome tarehe na namba ya gari. Akikosa, usiupokee, na umjulishe sheha siku hiyo hiyo. Wakaazi wa Pemba wanahudumiwa na ofisi zetu huko huko. Hakuna haja ya kuvuka bahari kwa ajili ya kibali.