Riba ya Benki Kuu Imeshuka, Deni la Kampuni Yako Je?

Tangu Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Tanzania iliposhusha Riba ya Benki Kuu kutoka asilimia 6 hadi 5.75, Julai 2025, wafanyabiashara wanauliza: mbona benki yangu haijapunguza?

Ieleweke kwamba Riba ya Benki Kuu si riba ya mkopo wako, na haijawahi kuwa. Tangu Januari 2024 kazi yake ni kuongoza riba ambayo benki hutozana zinapokopeshana kwa siku 7. Kutoka hapo hadi kwenye vitabu vya kampuni, mengi hutegemea kampuni imekopa vipi.

Chukulia kampuni yenye ovadrafti (ruhusa ya kutoa benki zaidi ya salio lake) ya shilingi milioni 500, iliyotumika yote, kwa riba inayobadilika. Benki ikishusha robo asilimia yote, kampuni inaokoa shilingi 1,250,000 kwa mwaka. Jirani yake mwenye mkopo wa miaka mitano kwa riba isiyobadilika haokoi hata senti. Lakini riba ilipopanda Aprili 2024 naye hakuguswa. Hilo halilalamikiwi.

Hatifungani, yaani hati ya deni inayouzwa kwa wawekezaji, ndiyo hukawiza zaidi mabadiliko ya riba. Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, iliuza ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024, kwa miaka 10, riba asilimia 13.5. Kamati ishushe au ipandishe, riba hiyo haisogei hadi hatifungani iive, yaani muda wake wa kulipwa ufike. Benki nazo zimeuza hatifungani zao, kwa hiyo sehemu ya gharama ya fedha wanazokukopesha imefungwa vilevile. Mwenye deni la dola yeye anafuata riba za Marekani. Sera yetu humfikia zaidi kupitia thamani ya shilingi.

Kabla ya kulalamika, soma mkataba: kuna kifungu kinachosema riba ni ya aina gani na hupitiwa lini. Kama inabadilika na benki imekaa kimya, andika barua kwa meneja wa tawi, taja namba ya mkopo na kifungu husika, ambatisha nakala ya mkataba, na ubaki na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika na majibu, ndipo uende Benki Kuu, na barua zote mbili, yako na ya majibu ya benki.

Wakati huo endelea kulipa rejesho. Malalamiko hayasimamishi deni: siku 90 zikipita bila malipo, mkopo unakuwa chechefu, yaani unahesabiwa kuwa haulipwi, na taarifa zako zinaonekana kwa kila benki utakayokwenda kukopa.