Je, wajua kwa nini injini ya kabureta ikigeuzwa EFI (mfumo wa kupulizia petroli unaoongozwa na kompyuta) hudai manifoldi nyingine, yaani mirija inayogawa hewa kwa silinda?

Kwenye kabureta, petroli huchanganyika na hewa mapema, kabla hata ya kuingia kwenye manifoldi, kisha husafiri pamoja hadi kwenye silinda. Njia ikiwa ndefu, baridi au yenye kona kali, matone hunata kwenye kuta na kutuama, silinda moja ikashiba na nyingine ikakosa. Ndiyo maana manifoldi nyingi za kabureta ni fupi na hupashwa joto kwa maji ya injini au kwa ekzosti, ili petroli igeuke mvuke.

EFI yenye nozeli kwa kila silinda huipulizia petroli mgongoni mwa vali. Manifoldi hubeba hewa tupu, kwa hiyo mirija yake inaweza kurefushwa.

Na urefu huo ndio utamu wenyewe. Vali ikifunguka na pistoni ikavuta hewa, wimbi la presha ndogo hupanda mrija hadi kwenye chumba cha hewa, kisha hurudi likiwa na presha kubwa. Likiwahi kabla vali haijafungwa, hushindilia hewa ya ziada ndani ya silinda, bila turbo! Wimbi hilo hukimbia kwa kasi ya sauti, takriban sentimita 34 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huohuo, injini ya mizunguko 3,000 kwa dakika hugeuka nyuzi 18. Ya 6,000 hugeuka nyuzi 36. Kadiri injini inavyokimbia, ndivyo mrija unavyotakiwa kuwa mfupi ili wimbi liwahi.

Kwa hiyo gari la kubeba mzigo na kupanda milima lipewe mirija mirefu. Ile mifupi ya mashindano inapendeza macho, lakini kwenye mizunguko ya chini hulinyima gari nguvu, na huko ndiko injini nyingi hushinda kutwa.

Ukiamua kutoboa manifoldi ya zamani na kuchomelea vishikio vya nozeli, chungulia kwanza kwenye tundu: uuone mgongo wa vali. Ukiona ukuta, petroli itatuama kama zamani. Hakikisha pia ipo nafasi ya mpira wa busta ya breki na wa sensa ya presha. Halafu laza gasketi ya manifoldi inayolingana na matundu ya hedi juu ya midomo ya mirija. Mdomo ukiwa mpana kuliko tundu la hedi, hewa itagonga kingo papo hapo mlangoni.