Je, wajua kwa nini ukijichora kwa kioo kovu lako linahamia upande wa pili?

Kipindi cha sanaa, darasa la sita. Nimewagawia vioo vidogo vile vya sokoni, kazi ni kila mtu ajichore sura yake, halafu jirani yake wa dawati naye amchore kwenye karatasi nyingine. Kuna kijana ana kovu juu ya nyusi ya kushoto, alianguka kwenye mwembe akiwa mdogo. Kwenye karatasi yake kovu liko kushoto mwa karatasi, kwenye ya jirani liko kulia. Ubishi ukaanza, "umekosea, kovu langu liko huku," kajishika nyusi, mwenzie anamwambia "mi nikikuangalia naliona huku," na wote wawili walikuwa sahihi.

Nikawajibu haraka kwamba kioo kinageuza kulia na kushoto. Ndo nilivyoamini miaka yote na wengi wetu ndo tunavyoamini, na sio kweli.

Hebu simama mbele ya kioo, inua mkono wenye saa. Mkono wa kwenye kioo umeinuka upande uleule wa saa yako, haujahama hata kidogo. Kichwa kiko juu, miguu iko chini. Kama umeelekea kaskazini, mkono wako wa mashariki uko mashariki hata mle ndani. Kilichogeuka ni kimoja tu, pua yako inaelekea kaskazini na ile ya kwenye kioo inaelekea kusini, inakuja kwako. Yaani kioo kinageuza mbele na nyuma, basi.

Sasa mbona tunaona kama kimebadili kulia na kushoto? Ni kwa sababu tumezoea watu. Mtu uliyesimama naye bega kwa bega akitaka kukutazama usoni lazima azunguke, na akizunguka mkono wake wa kulia unaangukia kushoto kwako. Kioo hakizunguki. Ila sisi tukiona sura inatutazama, akili inaichukua kama mtu aliyezunguka, na hapo ndo saa inaonekana imehamia mkono mwingine. Chukua kanga, iinue juani usome jina lake kwa nyuma, maandishi yote kinyume wakati hakuna aliyehamisha herufi hata moja, ni wewe umesimama upande wa pili. Au andika jina lako kwenye kava la daftari, lile la nailoni linaloonyesha, lishike kifuani unavyoweza kulisoma mwenyewe kisha tazama kioo, utakuta linasomeka vizuri tu na mle ndani. Karatasi ya kawaida inasomeka kinyume kwa sababu uliigeuza wewe kuielekeza kwenye kioo.

Wachoraji wamepita humohumo. Vincent van Gogh alijikata sikio la kushoto Desemba 1888 kule Arles, Ufaransa, na Januari 1889 akajichora na bandeji. Kwenye picha bandeji iko sikio la kulia, kwa sababu alichora alichokiona kwenye kioo.

Kwahiyo sura unayoijua wewe sio ile wanayoijua wenzako. Mwaka 1977 watafiti watatu Marekani waliwaonyesha wanafunzi wa kike picha mbili za sura yao wenyewe, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa kama kioo, wengi wakapenda ya kioo wakati marafiki zao walipenda ile ya kawaida. Kila mtu anapenda aliyoizoea. Watu waliopimwa walikuwa wachache, na kilichopimwa ni kupenda tu, kwahiyo tusiubebeshe utafiti huo mzigo mkubwa. Lakini ndo ile hali unapiga selfi, unajiona uko poa, picha ikishasevu uso unakuwa kama umepinda.

Darasani ndo nimeona kitu ambacho kioo peke yake hakikielezi. Binti mmoja ana mwanya mzuri sana, na kwenye picha yake mwenyewe hakuuchora, kafunga mdomo. Rafiki yake alianza na mwanya kabla hata ya macho. Nilipomuuliza binti akasema hajawahi kuuona vizuri, maana akijitazama hacheki. Mwanya wake unatoka akiwa na wenzake, wao ndo wanaoujua. Tulikaa na jambo hilo kipindi kizima, kila mmoja akitafuta kwenye picha aliyochorwa kitu ambacho yeye hakukiweka. Yule wa kovu akaandika "mimi" chini ya picha yake, na chini ya ile ya jirani akaandika "mimi wenu".

Ukitaka kujaribu na wanafunzi wako, anza na kioo kwanza halafu ndo jirani, na karatasi zifunikwe mpaka wote wamalize, maana wakionana mapema wanaanza kurekebishana na kovu linarudi upande mmoja.