Kiraka leo, toleo jipya subiri

Wiki iliyopita mama mmoja mwenye sekretarieti, yaani duka la kuchapa na kuprinti, upande wa Kasapa alinipigia simu saa moja asubuhi. "Papa, mashini inasema toleo jipya la Windows liko tayari. Nibonyeze?" Nyuma yake nilisikia wanafunzi wakigombania foleni. Ni majira ya kuweka kazi za mwisho wa masomo, na kila mmoja anataka kurasa zake zitoke na kubanwa kabla ya saa sita. Nikamjibu: "Mama, usibonyeze. Jioni napita, kuna jambo nataka kuliona."

Jambo lenyewe nililikuta, kama ninavyolikuta kwenye mashini nyingi za hapa Lubumbashi: masasisho yote yamezimwa. Sababu naijua na simlaumu mtu. Mega ni pesa. Umenunua kifurushi cha wiki, unawasha mashini utume barua pepe moja, kumbe Windows inapakua kimya kimya, na kifurushi kinakwisha kabla hujaambatisha faili. Anaitwa kijana, anazima kila kitu, na hakuna anayekumbuka kuwasha tena.

Hapo vitu viwili tofauti vimetupwa pamoja. Kiraka cha usalama huziba tundu ambalo wezi wanalijua au watalijua karibuni; hutoka kila mwezi, Jumanne ya pili. Toleo jipya hubadilisha mfumo wenyewe, pamoja na jinsi unavyozungumza na printa na programu zako. Kiraka kiwekwe ndani ya siku chache. Toleo jipya linaweza kungoja, na kwa mashini inayolisha watu, nasisitiza lingoje.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja katika njia ambayo Windows hutumia kushirikiana mafaili. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapita hapo hapo, kikafunga mafaili ya watu katika nchi nyingi, hata ya hospitali za Uingereza, na kudai malipo. Dawa ilikuwa imekaa mezani siku 59. Naililia hadithi hii kwa sababu karibu kila aliyeumia angeweza kupona.

Toleo jipya lina hadithi yake, na inakwenda kinyume. Tarehe 2 Oktoba 2018 ilitoka Windows 10 toleo la 1809, na baadhi ya walioikimbilia wakakuta nyaraka na picha zao zimefutika. Siku chache baadaye Microsoft ikaisimamisha, ikairudisha tarehe 13 Novemba. Aliyekaa kimya wiki sita hakupoteza hata barua. Ndiyo maana mimi huwapa wateja miezi miwili. Microsoft yenyewe hugawa matoleo polepole na kuzuia mashini zenye tatizo linalojulikana, kwa hiyo kama toleo halijakufikia, usililazimishe kwa flashi.

Ila kungoja kuna mwisho. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na anayebaki nayo hivi hivi hapati tena viraka. Hapo swali linageuka: mashini hii inaweza kuhamia Windows 11?

Niligeuza laptopu ya kwanza ya mama, ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika, kama nyingi mjini, nikaiwasha na kusoma jina la prosesa: i5-6300U. Kwa jina kama hili, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, na kwa Intel, Windows 11 inataka kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache sana. Inataka pia RAM ya gigabaiti 4, diski ya 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Mara nyingi chipu ipo, imezimwa tu katika BIOS, mipangilio ya mashini yenyewe kabla Windows haijawaka, kwa hiyo itafuteni kabla ya kuihukumu mashini. Ya mama ni kizazi cha 6. Najua wapo wanaolizunguka sharti hilo kwa flashi maalumu. Mimi siwafanyii wateja hivyo, kwa kuwa Microsoft haiahidi masasisho kwa mashini kama hiyo, na viraka ndivyo tulivyovifuata. Kuna nyongeza ya viraka vya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa mashini iliyo kwenye toleo la 22H2, la mwisho la Windows 10. Yake ilikuwa nyuma, nikaipandisha usiku ule ule.

Laptopu ya pili ni i5-8250U. Hiyo inaweza kuhama. Lakini nani aliiwekea Windows ya biti 32, aina ya zamani? Windows 11 ni ya biti 64 tu, kwa hiyo hakuna kupanda juu ya ile ya zamani: unafuta, unaweka upya, programu zote zinarudishwa moja moja. Ile njia ya kurudi nyuma ndani ya siku 10, ambayo ndiyo kinga kubwa ya anayehama kwa kawaida, hapa haipo. Na printa yao ya leza ni ya miaka mingi. Nimepata drayva yake (programu inayoiunganisha na Windows) ya biti 64, lakini sitaijaribu wanafunzi wakiwa mlangoni.

Umeme pia. Kupakua kukikatika, kunaendelea baadaye. Ukikatika wakati skrini inahesabu asilimia, Windows hujaribu kurudi ilipokuwa, na si kila mara inafaulu. Kwa hiyo nafanya kwenye laptopu yenye bateri nzima, kamwe si kwenye mashini ya mezani isiyo na onduleri (kifaa cha bateri kinachoshika umeme ukikatika), hasa msimu huu wa mvua na radi. Faili la kusakinisha lina zaidi ya gigabaiti 5. Nalipakua mara moja, naliweka kwenye flashi, linatumika kwa mashini zote.

Tumepanga Jumamosi ya kwanza baada ya wanafunzi kumaliza, nakala za mafaili zikiwa kwenye diski mbili. Kwenye laptopu ya kwanza nimebandika karatasi: 22H2, 13/10/2026. Mama ameisoma, akaomba zamu ya Septemba kwenye likelemba lake, mchango wa kupokezana pesa.