Fikra mgando: ziko kwenye jeni au kwenye malezi?

Mbane mtu mwenye fikra mgando, anayedai kwamba kundi fulani ni wavivu, au kwamba wanawake hawana kichwa cha hesabu. Akiishiwa hoja atasema, "Ndivyo walivyoumbwa." Siku hizi jibu limevishwa joho la sayansi: "Ni jeni," yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi. Limeumiza watu wengi, na halisimami.

Dhana: Tunazaliwa wabaguzi, ndiyo maana hata kichanga huchagua nyuso.

Ukweli: Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba watoto wa siku chache hawapendelei nyuso za rangi yoyote. Wa miezi mitatu ndio waliotazama zaidi nyuso za rangi ya watu wanaowalea. Mwaka uliofuata utafiti mwingine ukaonyesha kuwa watoto waliozungukwa na watu wa rangi mbili hawana upendeleo huo. Na kutazama si kudharau.

Maumbile yana sehemu yake, sitaificha: ubongo hupanga watu kwa mafungu. Katika majaribio aliyochapisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza, kiholela, huku wakiambiwa kigezo ni namna walivyokadiria idadi ya nukta. Hakuna aliyejua wenzake ni akina nani. Walipopewa nafasi ya kugawa fedha, bado waliwapendelea wa fungu lao. Basi kugawa tunakuja nako duniani. Nani aitwe mvivu na nani mwerevu, hayo tunayasikia kwa watu.

Dhana: Makundi yanatofautiana kwa jeni, kwa hiyo na kwa tabia.

Ukweli: Watu wawili wowote hufanana vinasaba kwa takriban asilimia 99.9. Mwaka 1972 mtaalamu wa jeni Richard Lewontin alichunguza tofauti za kijenetiki zilizopo kati ya binadamu, akakuta kama asilimia 85 zimo ndani ya jamii moja moja, baina ya jirani na jirani.

Wengi huteleza hapa. Wakisikia kwamba kimo hurithiwa kwa kiasi kikubwa, hudhani tofauti ya kundi na kundi nayo lazima ni ya kurithi. Chota mbegu kwenye gunia moja, nusu uzipande kwenye udongo wenye rutuba, nusu kwenye mchanga usio na rutuba. Ndani ya kila shamba, mmea uliowapita wenzake umebebwa na mbegu yake. Ila shamba moja likilipita jingine, sababu ni udongo.

Dhana: Vipimo vya akili vilishamaliza ubishi.

Ukweli: Mwaka 1923 mwanasaikolojia Carl Brigham alitumia majaribio ya akili ya wanajeshi wa Marekani kudai kwamba wahamiaji kutoka kusini na mashariki mwa Ulaya wana akili duni kuliko wa kaskazini. Mwaka 1924 nchi hiyo ikapitisha sheria iliyowabana wahamiaji haohao. Mwaka 1930 Brigham aliyakana madai yake kwa maandishi. Hata hivyo, mgao wa wahamiaji kwa nchi walikotoka, uliokuwamo katika sheria hiyo, ukaendelea hadi 1965.

Dhana: Wasichana hujiona hawana akili kwa asili yao.

Ukweli: Utafiti wa mwaka 2017 nchini Marekani ulikuta kwamba wasichana wa miaka mitano huamini jinsia yao ina akili nyingi sawa na wavulana wanavyoamini yao. Kufikia miaka sita imani hiyo imeshashuka, na wanaanza kukwepa michezo inayosemwa ni ya "wenye akili sana". Ni mwaka mmoja tu.

Dhana: Kama ni maneno ya watu tu, hayana madhara.

Ukweli: Katika miaka ya 1940 Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, wanasaikolojia wa Marekani, waliwaonyesha watoto weusi wanasesere waliotofautiana kwa rangi peke yake. Wengi walisema mweupe ndiye mzuri, na mweusi ndiye mbaya. Kisha wakaulizwa: yupi anafanana nawe? Baadhi yao waliangua kilio, wakatoka chumbani mbio.